Mrejesho: Mama kapitishiwa mkononi

Wakuu, niliuliza kama kweli mshipa wa ubongo uliovimba unatibika kwa kupitia kifundo cha mkono badala ya kinenani. Ni kweli. Tumetoka na mama Ujiji hadi Dar, kafanyiwa.

Kwanza daktari alibana ateri (mishipa inayopeleka damu) zote mbili za kifundo mpaka kiganja kikapauka, akaachia moja aone damu inarudi upesi. Ndipo mrija mwembamba ukaingizwa kwenye ateri ile nyingine, ukapanda hadi begani, shingoni, kichwani. Uvimbe ukajazwa nyuzi laini za platinamu. Ateri hiyo ni ndogo, ikikaza sana wanahamia kinenani. Ya mama ilitulia.

Raha yake, hakulala chali masaa bila kukunja mguu. Alikaa kitandani na mkanda wa upepo umembana kifundoni, anadai ugali na migebuka, samaki wa kwetu Ziwa Tanganyika (Dar hii!). Mkono una michubuko kidogo tu. Kliniki mwezi ujao.