Nyumba imeingia maji: feni na madirisha wazi, mashine ya kukausha, au kubomoa lipu?

Mkazi wa Bondeni (Dar es Salaam)
Wakuu, poleni na masika. Wiki iliyopita maji yaliingia ndani mpaka usawa wa soketi za chini, yakalala usiku kucha. Tope tumeshatoa na kuosha. Nyumba ni ya tofali za saruji, sakafu ya marumaru. Nina ushauri wa watu watatu: mmoja anasema fungua madirisha, washa feni, baada ya wiki mbili piga rangi ya mafuta. Kampuni moja ya ukaguzi inataka ije ipime kuta, kisha iweke mashine za kunyonya unyevu kwa siku kumi. Wa tatu anasema bomoa lipu yote mita moja kutoka chini. Mama mkwe ana pumu na anarudi mwisho wa mwezi, sitaki kubahatisha.

Fundi Lipu
Pole sana mkuu. Kwanza umeme: usiwashe hata hiyo feni mpaka fundi umeme afungue kila soketi iliyolowa.

Rangi ya mafuta iondoe kabisa kichwani. Tofali limekunywa maji, na njia yake ya kuyatoa ni uso uleule wa ukuta. Ukiuziba, baada ya miezi michache rangi inatoka malengelenge, ukiyatumbua unakuta unga mweupe wa chumvi. Kuta za namna hiyo nimezibandua nyingi sana.

Lipu usibomoe yote. Igonge kwa mpini wa bisibisi. Ikilia kama debe tupu, imeshaachia tofali, hapo bomoa. Ikilia nzito, iache.

Mkausha Nyumba (Köln)
Hii ndiyo kazi yangu. Baada ya mafuriko ya Julai 2021 kwenye bonde la Ahr huku Ujerumani, kuna nyumba zilikaa na mashine miezi kadhaa, kwa hiyo naongea kwa niliyoyaona.

Feni haiondoi maji nyumbani, inayatoa ukutani na kuyaweka hewani. Wakati wa masika hewa ya Dar imeshashiba, usiku unyevu wake unapita asilimia 80, sasa ukuta utamwaga wapi? Mchana jua likiwaka fungua madirisha, yanasaidia. Usiku funga. Mashine inaipitisha hewa kwenye koili baridi, maji yanadondoka kwenye ndoo, hewa kavu inarudi kuunyonya ukuta. Aina hiyo huku kwetu inazidiwa na baridi, ila kwa joto lenu inafanya kazi vizuri. Ikiwaka, milango na madirisha vifungwe, na feni ipulize sambamba na ukuta.

Gharama ipo: mashine ya wati 700 ikiwaka saa 24 inakula karibu uniti 17 za LUKU kwa siku. Ndiyo maana hizo siku kumi zinanitia shaka. Wamezijuaje kabla ya kupima?

Binti Shangani (Unguja)
Kaka, pole na mtihani. Huku Mji Mkongwe kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene mno, na ukizikausha kwa pupa chumvi inakimbilia usoni na lipu inamomonyoka. Sisi tunabandua lipu ya saruji na kurudisha ya chokaa ili ukuta upumue. Ila yako ni tofali, usibebe dawa ya kwetu.

Mimi nimemfikiria mama mwenye pumu. Ukungu huanza ndani ya siku moja au mbili, na hupenda kujificha. Vuta kabati zote, tazama nyuma. Maji hayo yamepita vyooni, kwa hiyo godoro lililolowa lisirudi ndani hata likikauka.

Mama Mabibo
Na tafadhali msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga madirisha ili kukausha ukuta. Hewa yake inaua watu usingizini.

Mkazi wa Bondeni
Asanteni sana. Umeme umekaguliwa, soketi nne zimebadilishwa. Kabati za jikoni ni MDF (zile mbao za nyuzi zilizogandamizwa kwa gundi), zimevimba chini. Na nitapimaje mwenyewe?

Fundi Lipu
MDF ikishavimba hairudi, toa. Kupima: chukua nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa tepu pande zote nne. Kesho tazama. Matone yakiwa upande wa ukutani, ukuta bado unatoa maji. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya chumba.

Mkausha Nyumba
Nailoni inakwambia ndiyo au hapana tu. Wakija na kipimo cha pini, kile kinachochomekwa ukutani kusoma unyevu, waambie waanze na ukuta ambao maji hayakuufika, uwe wa kulinganishia, kwa sababu chumvi hukidanganya kipimo hicho kikasoma unyevu uliozidi. Weka alama za chaki, wapime palepale kila siku. Na wasisahau chini ya marumaru, maji hujificha hapo muda mrefu kuliko ukutani.

Mkazi wa Bondeni
Nimebandika nailoni tatu. Chumbani pakavu. Sebuleni na jikoni matone yamejaa upande wa ukutani, mengine yalishachuruzika mpaka kwenye tepu. Nimekubaliana na kampuni waje Jumatatu kupima tu, tulipe upimaji peke yake, mashine tuongee baada ya kuona namba. Lipu iliyolia debe ni kipande cha jikoni tu, kinabomolewa kesho. Mama mkwe atabaki kwa shemeji Morogoro mpaka namba zishuke.