Panya ndani ya stoo ya mahindi: sumu, gundi na paka vimeshindwa, nifanyeje?

Mkulima_Dumila

Habari za leo, ndugu zangu. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kupambana na panya ghalani akafanikiwa, kwa sababu kila ninachonunua hufanya kazi kwa muda mfupi, kisha hali hurudi ilivyokuwa.

Nina stoo ya matofali ya kuchoma, imeezekwa kwa bati na haina dari, nayo imeshikana na nyumba ninayolala na familia yangu hapa Dumila, wilayani Kilosa. Upande mmoja ninaegesha pikipiki na kuweka majembe, pampu ya kunyunyizia dawa na makorokoro mengine. Upande wa pili ninapanga magunia ya mahindi, ambayo siyauzi wakati wa mavuno bali nasubiri hadi bei ipande. Panya huanza kuonekana mara tu mashamba yanapovunwa. Hutoboa gunia kwa chini, mahindi yakamwagika, na ukiokota punje unakuta nyingi hazikuliwa zote, ila zimechimbwa pale kwenye kiini tu, kwa hiyo hazioti tena na mnunuzi akiziona hushusha bei papo hapo. Msimu uliopita walitafuna pia nyaya za pikipiki.

Nimetumia ule unga mweusi wa vipakiti unaouzwa magulioni. Mwanzoni niliokota wengi waliokufa, kisha waliobaki wakawa wanaupita bila kuugusa. Gundi hujaa vumbi la mahindi ikaacha kunata. Paka ninaye, lakini naona wameshazoeana. Sasa muuzaji mmoja ananishauri ninunue vidonge vya kufukizia, niviweke katikati ya magunia na kufunga mlango usiku mmoja. Je, ni salama? Na kama si salama, nianzie wapi?

Karani_wa_Ghala

Ndugu Mkulima, vidonge hivyo usivifungue kabisa ndani ya stoo iliyoshikana na chumba cha kulala. Vinapokutana na unyevu wa hewani hutoa gesi ya sumu iitwayo fosfini, ambayo hupenya kwenye nyufa na kupita juu ya ukuta usio na dari, ikawakuta watu usingizini. Ufukizaji hufanywa na waliofunzwa, magunia yakiwa yamefunikwa kwa turubai lisilopitisha gesi, mahali ambapo hakuna anayelala jirani.

Baada ya hapo, niruhusu niseme kwamba tatizo lako si aina ya sumu. Unawaua waliomo leo, huku mlango wa kuingilia wale wa kesho ukiwa wazi. Katika maeneo yetu ya Morogoro panya shamba hubeba mimba kwa takriban wiki tatu na huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo, na mvua za vuli zikiwa nyingi na za mapema, mwaka unaofuata mashamba hufurika panya. Mashamba yakishavunwa chakula huisha, nao huhamia kwenye chakula kilipo. Hapo hakuna kipakiti kitakachokutosha.

Kwanza tambua ni panya yupi. Mchukue aliyekufa, ukiwa umevaa glovu au mfuko wa plastiki mkononi, umlaze chali. Panya wa nyumbani, yule mpanda kenchi, ana mkia mrefu kuliko mwili wake na masikio makubwa, na jike lake huwa na jozi tano za chuchu. Panya shamba ana mkia unaokaribiana na urefu wa mwili, na jike lake lina chuchu nyingi ajabu, jozi nane hadi kumi na mbili, zilizopangika kuanzia kifuani hadi tumboni. Tofauti hiyo inakuonyesha pa kutazama: wa kwanza huingilia juu, wa pili huingilia chini na kuchimba.

Kisha ingia stoo mchana, funga mlango na madirisha, ukae gizani hadi macho yazoee. Kila mahali unapoona mwanga unapenya ni njia. Tundu linalopitisha kidole gumba linamtosha panya, na mtoto wake hupita palipo padogo zaidi. Tazama pia juu ya ukuta, pale matofali yanapokutana na mawimbi ya bati: kama kuna weusi unaong'aa, yale ni mafuta ya manyoya yaliyoachwa na panya wanaopita hapo kila usiku. Ukinyunyiza majivu laini sakafuni kando ya ukuta jioni, asubuhi nyayo na mburuzo wa mkia vitakuonyesha walikotokea na walikoelekea.

Njia ukishazijua, zizibe kwa vitu visivyotafunika. Matambara, povu na mbao ni kazi bure. Mawimbi ya bati yajazwe kwa saruji na mchanga; matundu ya hewa yawekewe wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi milimita 6; mashimo ya chini yajazwe saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa, kama wazee walivyokuwa wakifanya. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati kinachokaribia kugusa sakafu, maana hapo ndipo watu wengi husahau. Kama kuna mwembe au tawi lolote linaloegemea paa, lipunguze.

Ndani nako, magunia yasilale sakafuni wala yasiegemee ukuta. Yaweke juu ya chaga, na uache nafasi ya kupita mtu kati ya magunia na ukuta pande zote, ili uweze kufagia na kukagua. Na hayo makorokoro, ndugu yangu, ndiyo nyumba yao. Panya hula kwenye mahindi lakini huzaa kwenye matairi mabovu, maboksi na magunia matupu. Pikipiki na vifaa vitafutie mahali pengine, hata kama ni banda dogo la mabati nje.

Duka_la_Pembejeo_Moro

Naunga mkono aliyotangulia kusema Karani, na nitaongeza upande wa sumu kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Unga mweusi unaoueleza, hasa kama una harufu inayofanana na kitunguu saumu, kwa kawaida huwa ni fosfidi ya zinki. Ikifika tumboni hukutana na asidi na kutoa gesi ileile ya fosfini, hivyo panya hufa ndani ya saa chache. Udhaifu wake ndio uliouona: aliyelamba kidogo akaugua bila kufa hukihusisha chakula hicho na maumivu, naye hatakigusa tena. Haina dawa ya kuiondoa mwilini. Mtu akiimeza, hospitali humtibu dalili tu. Vipakiti visivyo na lebo vina hatari nyingine, kwamba baadhi yake huwa ni viuatilifu vya shambani vilivyofungashwa upya, na hujui umeweka nini nyumbani kwako. Nunua sumu iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), yenye jina la kiambato na namba ya usajili kwenye pakiti.

Zinazofaa zaidi majumbani ni zile zinazozuia damu kuganda, kama vile bromadioloni. Panya hafi papo hapo, hufa baada ya siku kadhaa, na ucheleweshaji huo ndio faida yake, kwa kuwa wenzake hawapati nafasi ya kuihusisha chambo na kifo. Wateja wengi huirudisha dukani kesho yake wakilalamika kwamba haifanyi kazi! Aidha, mtu au mnyama akiimeza kuna tiba, ambayo ni vitamini K1 inayotolewa hospitalini. Ndiyo sababu pakiti isitupwe, bali iende pamoja na mgonjwa ili daktari asome kiambato.

Vipande hivyo huwa na rangi nyekundu au buluu na mtoto huviona kama peremende. Viweke ndani ya kisanduku kilichofungwa chenye tundu la kuingilia panya tu, ukipigilie ukutani kisihamishwe, na kamwe usiweke juu ya magunia wala mahali ambapo vinaweza kudondokea kwenye nafaka. Paka au mbwa akila panya waliokula sumu hii naye anaweza kufa, hivyo chagua mapema kati ya paka na sumu.

Mkulima_Dumila

Nawashukuru sana. Vidonge nimeachana navyo. Leo nimefanya lile jaribio la giza, na kusema kweli mwanga ulikuwa unaingia karibu urefu wote wa ukuta wa nyuma, kwenye mawimbi ya bati. Aliyekufa niliyemkuta ana mkia mrefu kuliko mwili, kwa hiyo nadhani ni panya wa nyumbani.

Kwa kuwa nina watoto wadogo na paka, ningependelea mitego kuliko sumu. Lakini mitego ya kubana niliyowahi kuitega kwa mahindi ya kuchoma haikunasa chochote. Je, kuna namna bora? Na je, mahindi ambayo wameshayachafua yanaliwa?

Afya_ya_Kata

Nitajibu la mahindi, kwani ni la afya. Punje zilizotafunwa, zilizoloa mkojo au zilizochanganyika na kinyesi zitoe na uzitupe. Hazifai kwa chakula cha watu. Gunia ambalo limetobolewa upande mmoja tu unaweza kulimwaga juu ya turubai juani, ukapepeta na kuchambua, ukaondoa sehemu yote inayozunguka tundu. Yanayobaki yaoshwe na kukaushwa vizuri kabla ya kupelekwa mashineni, na usirudishe mahindi yenye unyevu gunini, kwa sababu ukungu nao huleta sumukuvu.

Zaidi ya hapo, usifagie kinyesi kikiwa kikavu. Fungua milango stoo ipate hewa kwanza, vaa glovu na ufunike pua na mdomo, kisha lowesha sakafu kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia na sehemu kumi za maji, usubiri dakika kadhaa, ndipo ukusanye na kufukia. Mkojo wa panya hubeba vimelea vya leptospirosisi, ugonjwa ambao wengi waliusikia kwa jina la homa ya mgunda mwaka 2022, ulipoua watu wilayani Ruangwa, mkoani Lindi. Huingia kupitia michubuko ya ngozi, macho au mdomo, kwa hiyo anayesafisha peku akiwa na kidonda mguuni anajiweka hatarini.

Kwa wasomaji walioko Lushoto au Mbulu, ambako tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, imewahi kutokea, kuna tahadhari ya ziada. Panya akifa, viroboto wake huuacha mzoga na kutafuta damu nyingine, ambayo inaweza kuwa ya kwako. Huko viroboto hushughulikiwa kwanza au pamoja na panya, na mkiona panya wanakufa wengi bila mtu kutega sumu, msiwaguse, toeni taarifa kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mama_Shamba_Lushoto

Nathibitisha hilo la viroboto. Huku kwetu hata watoto wanajua kutookota panya aliyekufa.

Kuhusu paka, msimlaumu bure. Paka huwakamata panya wanaoingia kutoka nje na wale wadogo, lakini kundi lililokwisha kuweka viota nyuma ya magunia hawezi kulifikia. Bundi husaidia zaidi, maana hukamata panya kadhaa kwa usiku mmoja, tena nje kabla hawajafika kwenye nyumba. Tatizo ni sisi wenyewe, ambao tukimsikia analia juu ya paa tunamtupia mawe kwa kuamini kwamba ameleta msiba.

Kwa asiye na uwezo wa kujenga stoo, kihenge kilichoinuliwa juu ya nguzo kwa kimo cha mita moja hivi, kila nguzo ikiwa imevalishwa bati lililokunjwa umbo la faneli lenye mdomo ulioelekea chini, bado kinafaa sana. Hakikisha tu kwamba hakuna ngazi, kuni wala ukuta vilivyokiegemea.

Karani_wa_Ghala

Ndugu Mkulima, nirudi kwenye mitego. Panya aliyezungukwa na magunia ya mahindi hana haja ya mahindi yako ya kuchoma. Mpe kile ambacho stoo haina: dagaa, kipande cha nazi kilichochomwa kidogo ili kitoe harufu, au karanga zilizosagwa. Kifunge chambo kwa uzi pale mtego unapofyatukia ili asikinyakue na kukimbia. Panya wa nyumbani huogopa kitu chochote kigeni kwenye njia yake. Kwa hiyo weka mitego mingi, yenye chambo lakini bila kuitega, uwaache wale kwa usiku kadhaa. Wakishazoea, itege yote usiku mmoja. Iwe kando ya ukuta na juu ya kenchi penye ule weusi, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa sababu panya hupita akipapasa ukuta kwa sharubu zake, hakatishi katikati ya chumba. Paka umfungie nje siku hizo.

Ondoa pia ndoo za maji na bomba linalovuja karibu na stoo. Anayekula nafaka kavu lazima anywe, na ukimnyima maji anahangaika na kuingia mtegoni upesi zaidi.

Kwa mpangilio wa kazi, ni vyema uanze stoo ikiwa tupu, kabla ya mavuno kuingia. Toa kila kitu, safisha kama Afya_ya_Kata alivyoeleza, kisha ziba kuanzia juu kwenda chini, ukitega mitego jioni ileile unayomaliza kuziba, kwa sababu wale watakaobaki ndani watatafuta pa kutokea na wataanza kutafuna mlango. Usitumie sumu katika hatua hiyo hata kama huna paka, maana wakifia ndani ya ukuta uliouziba utakaa na harufu yake kwa wiki nyingi. Na hiyo saruji ya kwenye mawimbi ya bati ikaguliwe kila baada ya kiangazi, kwani bati hutanuka kwa jua na kujikunja usiku, saruji ikapata nyufa na kubanduka vipande.