Uchovu wa miezi saba, majibu yote "kawaida": maabara ipime nini?

Muuliza, Moshi
Wakubwa shikamooni. Mama wa miaka 38, mwalimu, ana uchovu mwezi wa saba sasa. Akifua leo, kesho kutwa haamki. Malaria hamna, Widal (kipimo cha kingamwili za taifodi) ilisoma 1:80, akachomwa sindano za taifodi siku saba, hakuna nafuu. Kipo kipimo cha damu kinachothibitisha uchovu sugu?

Jibu la 1
Marahaba. Hakipo. Maabara hapa inasaidia kuondoa magonjwa mengine tu. Hiyo Widal ya mara moja haithibitishi taifodi. Damu ilipaswa kuoteshwa maabara, kuona kama bakteria wanaota, kabla ya dawa. Aanze na FBP (picha kamili ya damu), ESR (dalili ya uvimbe mwilini), feritini (akiba ya madini ya chuma), TSH (tezi ya shingo), sukari, kreatinini (figo), ini, kalsiamu, VVU na mkojo. Msiishie kwenye hemoglobini (Hb): akiba ya madini ya chuma huisha mapema, Hb ikiwa bado nzuri. Feritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni upungufu, ila maambukizi huipandisha ikadanganya, hivyo isomwe pamoja na CRP, kipimo cha uvimbe na maambukizi.

Jibu la 2
Huku kwetu kwenye mifugo, ongezeni brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo na maziwa mabichi. Kipimo cha haraka kikisoma chanya, kipimwe kiwango cha kingamwili, kirudiwe baada ya wiki mbili au tatu. Kiwango kikipanda mara nne ndipo kina uzito. Akiwa na kikohozi, jasho la usiku au amekonda, makohozi yaende GeneXpert, kipimo cha kifua kikuu.

Jibu la 3
Mimi neno lililonishtua ni "kesho kutwa". Kuanguka saa 12 hadi 48 baada ya kazi ndogo ndiyo alama kuu ya ugonjwa wa uchovu sugu (ME/CFS). Vigezo vya Marekani vya 2015 vinataka pia shughuli zipungue sana kwa miezi 6, usingizi usioburudisha, na mojawapo: akili kuwa nzito, au hali kuwa mbaya akisimama. Hili la mwisho mpime bila maabara: alale dakika 10, hesabu mapigo na presha, asimame dakika 10, hesabu kila dakika, mtu akiwa karibu asije akaanguka. Mapigo yakipanda 30 na kubaki juu bila presha kushuka, andikeni, daktari ayaone. Na tafadhali asiambiwe ajikaze kwa mazoezi ya kuongeza kila wiki. Mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, uliyaondoa 2021. Apumzike kabla hajachoka: afue nguo chache, amekaa.

Muuliza
Asanteni sana. Maziwa mabichi hanywi, ila mtindi wa jirani anakunywa. Nao unahesabika?

Jibu la 2
Ndiyo, kama maziwa hayakuchemshwa kabla ya kugandishwa. Mwambieni daktari.