Maji ya moto yanatoka kwa unyonge, ya baridi yako sawa

Mpangaji_Mpya: Wakuu, naomba msaada. Nina hita ya umeme ya lita 80, mabomba ya plastiki ya PPR ya mm 20, na tangi moja juu linalolisha baridi na moto. Maji baridi yanajaza ndoo ya lita 10 kwa sekunde 50. Ya moto yanachukua dakika mbili na nusu, bafuni na jikoni vilevile. Joto halina shida. Nifunge pampu?

Fundi_Spana: Acha pampu kwanza. Baridi lita 12 kwa dakika, moto 4, na tangi ni lilelile: presha unayo, njia ndiyo imebana. Na kwa kuwa bafuni na jikoni kote kumepungua, usihangaike na katriji za mixa (kifaa cha ndani ya bomba la kuchanganya moto na baridi). Tafuta kuanzia koki ya hita hadi pale bomba la moto linapogawanyika.

Zima breka ya hita, maji yapoe. Funga koki ya kuingizia, fungua bomba la moto kutoa presha, kisha legeza yunioni (kiungio cha kufungulika) iliyo kabla ya vali ya usalama (ukifungua baada yake, maji yote ya hita yatakumwagikia). Kinga ndoo, fungua koki. Yakitoka kinyonge, koki ndiyo mbovu, hasa kama ni geti vali: lango hukatika kwenye shina, mpini ukazunguka vizuri huku lango limebaki chini. Weka koki ya robo mzunguko yenye tundu kamili.

Yakitoka kwa nguvu, hamia kwenye vali ya usalama yenyewe. Ndani ina kizuizi chenye springi, na chokaa ikiganda hapo hakifunguki chote. Badilisha vali nzima. Usiitoe ukaunganisha moja kwa moja, hata kama maji yatatoka vizuri ajabu: maji yakipata moto hupanuka, na bila vali hiyo hita inaweza kupasuka.

Robo_Inchi: Usisahau upande wa kutokea. PPR nene ya mm 20 ina tundu la mm 13 hivi tu. Kuunga ni nyuzi 260, sekunde 5 kwa mm 20 na sekunde 7 kwa mm 25. Ikizidishwa moto au ikisukumwa ndani mno, plastiki hujikunja na kuziba nusu ya elbo. Lakini hapo shida ingekuwepo tangu siku ya kwanza. Kwako ilianzaje?

Mpangaji_Mpya: Imepungua taratibu. Kwenye vichujio vya midomo ya bomba kuna vipande vyeupe.

Kipimajoto: Vitie kwenye siki. Vikitoa povu ni chokaa. Vikibaki vilevile ni plastiki ya ndani ya hita inayomomonyoka.

Kama ni chokaa, breka ikiwa imezimwa, mwaga maji yote, fungua flanji (kifuniko kinachoshika elementi) na utoe magamba kwa mkono au kijiti cha mbao, chuma kitakwangua enameli, yaani utando wa ndani ya hita. Sukuma waya laini kwenye bomba la kutolea maji ya moto, maana magamba hupenda kukwama mdomoni pake. Kagua fimbo ya magnesiamu, ile inayoliwa na kutu badala ya hita. Ikiwa imebaki waya, weka mpya. Gasketi usiirudie ya zamani, itavuja. Jaza hadi bomba la moto litoe maji mfululizo bila hewa, ndipo uwashe umeme, la sivyo elementi itaungua. Thamostati iache kwenye 60. Ukipandisha, chokaa huganda haraka zaidi.