Naombeni ushauri: likizo siku kumi, fimbo zinabaki nyumbani, nibebe kitabu gani cha gofu?

Baba Nasra (Dar)
Wakuu, habari za jioni. Nimeanza gofu pale uwanja wa Lugalo mwezi wa tatu na ugonjwa umeshanikolea, hata nikisubiri lifti nazungusha mabega. Ijumaa tunakwenda Pangani na mama Nasra ameshatoa hukumu: fimbo hazipandi gari. Kitabu karuhusu, viwili vikizidi sana. Kiingereza nasoma bila shida. Tatizo langu ni mpira kukata kulia, hasa nikishika draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali. Watu wawili wameniambia nianze na kitabu cha Ben Hogan, yule bingwa wa zamani wa Marekani.

Mzee wa Grini
Hogan mwache kwanza. Five Lessons ya 1957 ni kitabu cha heshima, michoro yake ya mikono utaitazama saa nzima. Lakini Hogan alihangaika miaka na mpira unaopinda kushoto, na mshiko anaoufundisha ni wa mtu anayeukimbia ugonjwa huo. Wewe unakata kulia. Utameza dawa ya jirani, tena huna hata fimbo ya kujaribia!

Yalinikuta. Likizo moja nilisoma vitabu vitatu vya ufundi, nikarudi uwanjani na mambo kumi na moja kichwani. Shimo la kwanza, mpira majanini. La pili, vilevile. La tatu kedi, mbeba mfuko wangu wa fimbo, akanipokonya fimbo: "Mzee, leo unapiga mpira au unafanya mtihani?"

Dada Mkwaju
Shikamoo Mzee wa Grini. Baba Nasra, beba Little Red Book cha Harvey Penick. Alianza ukedi akiwa na miaka minane huko Austin, Texas, akaja kuwa mwalimu, na kwa miaka mingi alikuwa akiandika aliyoyaona kwenye daftari jekundu. Kitabu kilitoka 1992, yeye ameshavuka miaka 80. Vipande vyake ni vifupi, mtoto akikuita majini unakiweka chini bila kupoteza kitu. Na mwenyewe anaonya: nikikupa aspirini moja, usimeze chupa nzima.

Alifariki Aprili 1995. Ben Crenshaw, mwanafunzi wake tangu utotoni, alibeba jeneza Jumatano, Jumapili akachukua Masters, mashindano makubwa ya gofu Marekani. Tafuteni picha yake pale shimo la mwisho, la 18, kainama, uso mikononi.

Baba Nasra (Dar)
Shikamoo zimfikie mzee, dada asante. Na cha hadithi tupu je? Kisicho na mambo ya viwiko.

Kedi Mstaafu (Mombasa)
The Greatest Game Ever Played, cha Mark Frost. Mashindano ya wazi ya Marekani, 1913, Brookline karibu na Boston. Francis Ouimet ana miaka 20, kwao ni ng'ambo ya barabara tu, uwanja wenyewe ndio aliobebea watu mifuko. Akawafunga mabingwa wawili kutoka Uingereza, Harry Vardon na Ted Ray: mapigo 72 kwa 77 kwa 78, na mwenye machache ndiye mshindi. Mfuko wake ulibebwa na mtoto wa miaka 10, Eddie Lowery. Mimi niliyebeba mifuko Nyali nikifika kwa huyo mtoto huwa nafunga kitabu kidogo, nivute pumzi. Ni kinene lakini.

Mzee wa Grini
Sasa matokeo umeyatoa ya nini?

Kedi Mstaafu (Mombasa)
Ya 1913, mzee wangu!

Mama Wawili
Mimi gofu siijui, mume wangu ndiye mgonjwa. Ila kwenye begi lake niliiba The Clicking of Cuthbert cha Wodehouse, cha 1922. Kuna mzee aliyeacha kucheza, anakaa kwenye kilabu cha gofu na kumng'ang'ania kila apitaye mpaka asikilize kisa chake. Nilicheka peke yangu hadi nikaulizwa kulikoni. Mpe mama Nasra.

Baba Nasra (Dar)
Basi nabeba Penick, na hicho cha Wodehouse nitasema ni chake. Mzee wa Grini, swali la mwisho: ile fimbo fupi ya kusukumia mpira shimoni, nikiifunga ndani ya mwavuli wa ufukweni?

Mzee wa Grini
Ifunge. Penick mwenyewe anataka anayeanza ajifunze kutoka shimoni akirudi nyuma, kwa hiyo una hoja ukibanwa. Mipira tu usiifiche ndani ya viatu. Mimi ndipo nilipokamatwa.