Vijisanamu vya metali vya zamani au vya plastiki vya siku hizi: tulinganishe

Mpakarangi
Wanajukwaa, salaam. Nakusanya kikosi cha vijisanamu ishirini kwa mchezo wa mezani, nami nasita kati ya vile vya metali vilivyofinyangwa kwa mkono miaka ya 1980 na vya plastiki vinavyosanifiwa kwa kompyuta. Naomba hoja za waliovishika vyote viwili.

Tupa_na_Wembe
Karibu, ndugu. Mfinyanzi wa wakati ule alitengeneza kwanza umbo la kunakiliwa kwa metali: alikanda puti ya epoksi (kinamo laini kinachogeuka kigumu), ya buluu na ya njano, mpaka ikawa kijani, akaipachika juu ya kiunzi cha waya na kuifinyanga haraka kabla haijakauka, kwa kuwa kosa lililokauka lilipaswa kukwanguliwa au kuachwa. Ninalo zimwi dogo ambalo jicho lake la kushoto limezidi la kulia, na mdomo umekwenda upande kana kwamba limeuma ndimu. Kevin Adams, mfinyanzi wa kampuni ya vijisanamu ya Citadel, alisifika kwa nyuso za namna hiyo, na kila nikilipaka rangi naona alipokandamiza kifaa chake cha kufinyangia shavuni.

Hesabu_Kwanza
Kwa heshima, napinga. Msanifu wa kompyuta naye ana mkono, na akitaka uso upinde utapinda. Plastiki ni nyepesi, na gundi yake huyeyusha kingo zikashikana moja kwa moja. Joka langu la metali lilidondosha bawa mara tatu, mara ya mwisho likamvunjia mpanda farasi mkuki.

Tupa_na_Wembe
La joka nakubali. Hata hivyo, kalibu ya chuma ya kutolea vijisanamu vya plastiki haipindi, kwa hiyo umbo lenye mikunjo ya ndani hukatwa vipande vingi, ilhali kalibu ya mpira, inayozungushwa kwa kasi ili metali iliyoyeyuka isukumwe hadi pembeni, hujikunja kidogo na kuliachia umbo likiwa zima. Nikiri pia kwamba vingi vya zamani vimesimama kama vilivyobanwa na mlango, mikono imetandazwa huku na huku, kwa sababu kalibu ilikuwa ya pande mbili tu.

Kabati_la_Kioo
Msisahau kwamba vingi vya metali vya enzi hizo vina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usivipige msasa vikiwa vikavu, nawa mikono, na usivihifadhi katika kabati la mwaloni, kwani mvuke wa asidi ya mbao hizo huigeuza risasi kuwa unga mweupe. Faida ya metali ni kwamba rangi mbovu huondolewa kwa asetoni, kimiminika cha kuyeyushia rangi, bila kuidhuru. Ukijaribu hivyo kwa plastiki, utabaki na uji.

Mpakarangi
Basi majemadari watano watakuwa wa metali, na askari wa kawaida wa plastiki. Pini za kuunganishia mikono mizito ziwe nene kiasi gani?

Hesabu_Kwanza
Milimita 1 inatosha. Toboa kabla ya kupaka rangi.