Mwanafunzi kaniuliza: kuandika jibu la Darwin kwenye mtihani ni kufuru?

MwalimuWete
Assalaam alaykum. Nasomesha biolojia kidato cha nne, Wete. Wiki iliyopita nilikuwa naeleza kwa nini popo wa Pemba, yule mkubwa tunayemuona Kidike, hapatikani pengine popote duniani. Nikawaambia mkondo baina yetu na bara una kina kirefu, kisiwa kimejitenga zamani mno, na wanyama waliobaki huku wakashika njia yao. Unguja imetengana juzi tu ukilinganisha na sisi. Darasa lilitulia mpaka nilipolitaja jina la Darwin, yule Mwingereza aliyesema viumbe hubadilika kizazi baada ya kizazi. Msichana mmoja hodari, jioni anahifadhi Kurani, akanyanyua mkono: "Mwalimu, nikiyaandika haya kwenye mtihani nitakuwa nimekufuru?"

Nilimwambia aandike kinachotakiwa apate maksi. Akanyamaza, na uso wake haujanitoka. Nataka nimrudie na jibu la maana. Masheikh wa zama zile, Darwin alipokuwa habari mpya, walisema nini?

UmmuSalim_Mkoani
Waalaykum salaam mwalimu. Kwangu mimi Adam kaumbwa kwa udongo, imo ndani ya Kurani, basi. Mwanangu yupo kidato hicho hicho, namwambia asome afaulu ila moyoni asitie. Lakini nakushukuru kwa kuuona uso wa mtoto. Wengi hawauoni.

MzeeWaMkunazini
Mwalimu, swali la huyo binti limenifurahisha sana. Nimesomesha dini miaka mingi, na hili nimelisomea kwa mapenzi, nivumilie.

Kwanza ujue lilivyowafikia. Kitabu cha Darwin cha asili ya viumbe kilitoka 1859, lakini Waarabu wengi walikutana na nadharia yake kupitia jarida la al-Muqtataf, lililoanzishwa Beirut 1876, halafu kupitia Shibli Shumayyil, tabibu Mkristo wa Shamu (Syria na Lebanon za leo). Mwaka 1884 Shumayyil alitoa kwa Kiarabu maelezo ya Mjerumani Büchner juu ya Darwin. Büchner alikuwa akisema hakuna chochote ila maada na nguvu zake. Kwa hiyo vitu viwili viliingia katika pakacha moja: kwamba viumbe hubadilika, na kwamba hakuna Muumba. La pili halitoki kwa popo wako wala kwa mfupa wowote uliofukuliwa, ni falsafa ya mtu.

Jamaluddin al-Afghani, mwanafikra wa Kiislamu wa zama hizo, alilipiga pakacha lote. Aliandika kitabu kwa Kiajemi, Hyderabad, India, 1881, na mwanafunzi wake Muhammad Abduh akasaidia kukigeuza Kiarabu, kikachapwa Beirut 1886. Aliwaita wapinzani wake madahari, jina linalorudi kwenye aya ya Suratul Jathiya, wale wasemao hakuna kinachotuangamiza ila dahari, yaani kupita kwa zama. Aliuliza vipi kiroboto awe tembo. Akauliza pia: Waarabu na Mayahudi wanatahiri maelfu ya miaka, mbona watoto bado wanazaliwa na govi? Nampenda Afghani kwa ghera yake, lakini hapa naona aliijibu habari aliyoisikia, hakuisoma nadharia yenyewe.

Wa kumpelekea binti ni Husayn al-Jisr wa Tripoli ya Shamu. Huyu alikuwa mwalimu wa skuli kama wewe. Madrasa yake ilisomesha fiqhi pamoja na sayansi na lugha. Risala yake, al-Hamidiyya, aliyoipa jina la Sultan Abdulhamid, ilitoka 1888. Alilifungua pakacha. Akasema dhahiri ya aya ndiyo tunayoishika, na nadharia hii bado ni dhana, haijafika yakini. Ikija kuthibiti kwa dalili ya kukata, aya zitafasiriwa upya kwa taawili, yaani kuzipa maana isiyo ya dhahiri, kwa kanuni ile ile ya zamani ya maulamaa, na imani haitatikisika, kwa sababu aliyeumba mara moja na aliyeumba kwa hatua ni Mungu huyo huyo.

UmmuSalim, ona, juu ya Adam al-Jisr angekaa upande wako. Alichokataa ni kumkufurisha mtu kabla ya kumsikiliza.

Na kabla yake Imam Ghazali, kwenye utangulizi wa kitabu chake Tahafut, alionya juu ya anayeipinga hesabu ya kupatwa kwa jua kwa jina la dini: anaidhuru dini kuliko adui yake.

Usidhani haya yalikuwa mbali na kwetu. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyekuwa kadhi hapa Unguja, alikwenda Istanbul miaka hiyo hiyo ya 1880. Na jarida la al-Manar la Rashid Rida, mwanafunzi wa al-Jisr, lilisomwa mwambao huu.

MwalimuWete
Maalim, Mungu akulipe. Lile la tohara limenikaa. Afghani aliuliza swali zuri bila kujua. Miaka michache baadaye Mjerumani mwengine, August Weismann, alikata mikia ya panya kizazi baada ya kizazi, na watoto wakazaliwa na mikia yao kamili. Kilichokatwa mwilini hakirithiwi; kinachorithiwa ni tafauti mtu anazozaliwa nazo. Hilo limo kwenye silabasi na kila mwaka linanipa taabu kulieleza.

Jumatatu nitamwita binti kabla ya kipindi. Nitaanza kwa kumwambia kuwa nililomjibu siku ile halikuwa jibu, halafu nimpe al-Jisr. Panya nitawaweka ubaoni kwa darasa zima.

UmmuSalim_Mkoani
Akikujibu, tuambie alisema nini. Na mimi nitamsomea mwanangu haya leo usiku.